Picha Hii Ilipigwa Wapi? Namna ya Kusoma Mahali kwa Dalili Ndogo

Chukua picha moja ya safari. Daraja refu jekundu la kuning'inia linavuka maji mapana, na ng'ambo kuna vilima. Muulize yeyote ni wapi, atakujibu San Francisco hata hujamaliza swali. Kisha mwoneshe kona ya picha, pale juu ya kilima penye sanamu kubwa ya Yesu aliyenyosha mikono; hapo atahamia Rio de Janeiro. Kote kuwili amepotea. Hapo ni Lisbon, Ureno. Daraja linaitwa 25 de Abril na lilifunguliwa mwaka 1966. Sanamu ni Cristo Rei ya mwaka 1959, iliyojengwa ng'ambo ya mto kwa kuiga ile ya Rio ya mwaka 1931.

Hata sanamu isingeonekana, minara ya daraja ingetosha. Ya Lisbon imefungwa kwa vyuma vilivyopishana kama herufi X, tangu chini hadi karibu na kilele. Golden Gate ya San Francisco, kuanzia usawa wa barabara kwenda juu, ina mihimili iliyolala tu. Na kama treni inapita chini ya magari, basi shauri limekwisha, kwa sababu Golden Gate haina reli.

Nimeanza na daraja hili kwa sababu kitu kikubwa na mashuhuri ndicho kinachopotosha upesi kuliko vyote. Minara hunakiliwa. Vijiji hunakiliwa pia: Hallstatt ya Austria ina pacha wake huko Guangdong, China, aliyefunguliwa mwaka 2012. Ila sijasikia mtu aliyesafirisha ng'ambo mwonekano wa nguzo za umeme, rangi ya mistari ya barabarani na soketi za ukutani. Vitu ambavyo mpiga picha hakuvijali ndivyo vitakavyokueleza alisimama wapi.

Hatua ya 1: Orodhesha kabla ya kutaja nchi

Ikuze picha, uipitie kona baada ya kona kama anayetafuta sindano kwenye mkeka. Andika kila unachokiona kwa jina lake la kawaida: "nguzo ya zege," "kibao cha njano," "paa la vigae," "kivuli kinaelekea kushoto." Jina la nchi lisiguse karatasi bado. Ukishasema "Hispania," macho yako yataanza kuitumikia Hispania na kuyaruka yanayoipinga. Nimeona watu makini wakipoteza saa nzima namna hiyo.

Hakikisha pia kwamba picha haijageuzwa kama kwenye kioo. Baadhi ya kamera za mbele za simu hugeuza, na wahariri nao hugeuza ili picha ikae vizuri kwenye ukurasa. Tafuta herufi au namba yoyote, hata kwenye fulana ya mpita njia. Picha ikiwa imegeuzwa nawe hujui, kila utakachosema kuhusu upande wa barabara kitakuwa kinyume.

Kama unalo faili halisi lililotoka kwenye kamera, fungua maelezo yake. Mara nyingine yamebeba tarehe, saa na hata namba zinazoonesha mahali hasa kwenye ramani. Lakini picha zilizopita kwenye programu za ujumbe kama WhatsApp au mitandao ya kijamii huwa zimeondolewa maelezo hayo, na saa ya kamera ya msafiri mara nyingi bado ni ya nyumbani kwake.

Hatua ya 2: Soma jua

Jua halina lugha wala mtindo wa ujenzi, na kwa picha isiyo na maandishi ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote. Kaskazini ya Tropiki ya Kansa, yaani zaidi ya nyuzi 23.4 kaskazini, jua la adhuhuri hukaa upande wa kusini mwaka mzima, kwa hiyo vivuli huangukia kaskazini. Kusini ya Tropiki ya Kaprikoni ni kinyume. Katikati ya tropiki hizo mbili hubadilika kufuata majira, na hapo usikimbilie kuamua.

Urefu wa kivuli nao unasema. Kwenye ikweta, jua la adhuhuri halishuki chini ya nyuzi 66 na kitu, na kivuli cha wakati huo hakifiki hata nusu ya urefu wa kitu chenyewe. Ukiona saa ya mnarani inaonesha mchana kamili, na kivuli cha mtu ni kirefu kuliko mtu, futa nchi zote za ikweta kwa mkupuo mmoja. Upo mbali kaskazini au kusini, na huenda ni msimu wa baridi.

Lakini utajuaje kaskazini ni wapi kwenye picha? Tafuta madishi ya setilaiti. Setilaiti za televisheni huelea juu ya ikweta, hivyo dishi la Ulaya hutazama upande wa kusini, likielekea kidogo mashariki au magharibi, na la Australia hutazama kaskazini. Karibu na ikweta dishi huweza kulala kama bakuli linalosubiri mvua. Baraza moja la ghorofa lenye madishi kumi yaliyoelekea upande uleule ni dira tosha. Lilinganishe na vivuli, nawe utajua uko nusu ipi ya dunia na takriban saa ngapi.

Usiku, tazama mwezi mwandamo. Karibu na ikweta hulala kama mashua. Ukienda kaskazini sana, mwezi mchanga wa jioni huwaka upande wa kulia. Ukienda kusini sana, upande wa kushoto.

Hatua ya 3: Shuka barabarani

Hapa ndipo penye mavuno mengi, basi usiharakishe.

Anza na upande wa kuendeshea. Kushoto wanaendesha Uingereza, Ayalandi, India, Japani, Thailand, Indonesia, Australia na New Zealand, pamoja na nchi zilizoshikana kutoka Uganda na Kenya hadi Afrika Kusini. Rwanda, Burundi na Ethiopia wanaendesha kulia, kwa hiyo anayevuka kutoka Tanzania kwenda Rwanda hubadilisha upande mpakani. Angalia gari linapita upande gani wa barabara, usitazame usukani. Mongolia na Myanmar wanaendesha kulia, lakini zimejaa magari ya mtumba kutoka Japani yenye usukani wa kulia. Na usukani wa kulia kwenye barabara ya kulia, ukiukuta kwa gari baada ya gari, ni dalili nzuri sana yenyewe, kwa sababu nchi za namna hiyo ni chache.

Kisha mistari. Marekani na Kanada hutenganisha magari yanayokuja na yanayokwenda kwa mstari wa njano. Ulaya karibu yote hutumia mweupe, ila Norwei ni wa njano. Msitu wa misonobari, ziwa, nyumba nyekundu ya mbao: inaweza kuwa Uswidi, inaweza kuwa Norwei, na mstari wa katikati ndio utakaoamua. Afrika Kusini hupaka njano kwenye kingo za barabara na nyeupe katikati.

Vibao vya tahadhari vina familia mbili kubwa. Pembetatu yenye ukingo mwekundu ni ya Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika. Mraba wa njano uliosimama kwa ncha ni wa karibu bara zima la Amerika, pia Australia, New Zealand, Japani, Thailand, Malaysia na Indonesia. Ayalandi ipo Ulaya lakini inatumia mraba wa njano. Ukiona magari yanapita kushoto, majani mabichi, ukuta wa mawe, na kibao cha namna hiyo, iache Uingereza. Umbali ukiandikwa kwa kilomita, na jina la mji likija kwanza kwa herufi zilizoinama, hizo herufi ni Kiayalandi na kazi imekwisha. Ndani ya familia ya pembetatu, tazama rangi ya ndani: Uswidi, Ufini, Poland, Ugiriki na Iceland hujaza njano pale ambapo majirani hujaza nyeupe.

Kibao cha kusimama ni chepesi. Sehemu kubwa ya Ulaya, Ufaransa ikiwamo, huandika STOP. Quebec, Kanada, huandika ARRÊT. Meksiko na Amerika ya Kati huandika ALTO, na Brazil na nchi nyingi za Amerika Kusini huandika PARE. Uturuki ni DUR, Malaysia ni BERHENTI. Japani hutumia pembetatu nyekundu iliyopinduliwa.

Namba za magari mara nyingi hazisomeki, lakini rangi hubaki hata picha ikiwa hafifu. Uholanzi ni njano mbele na nyuma. Uingereza ni nyeupe mbele na njano nyuma. Ufaransa na Italia zina ukanda wa buluu pande zote mbili za kibao, wakati nchi nyingine nyingi za Umoja wa Ulaya zina ukanda mmoja tu, wa kushoto. Japani huvalisha magari yake madogo ya injini ndogo kibao cha njano na mengine ya binafsi cheupe.

Hatua ya 4: Maandishi, hata usipoyaelewa

Huhitaji kujua lugha. Unahitaji kujua sura yake. Kikorea kina mistari iliyonyooka na viduara vidogo. Kijapani huchanganya herufi nzito za Kichina na nyingine nyepesi zilizopinda. Kithai kimejaa vitanzi vidogo mwanzoni mwa herufi, na Kiburma ni kama mtu aliyepanga bangili. Hati ya Ethiopia na Eritrea husimama kwa miguu. Kigeorgia chote ni mikunjo. Kichina cha China bara kimerahisishwa. Ukiona herufi zilizosongamana kwa mistari mingi, fikiria Taiwan, Hong Kong au Macau.

Kwa hati ya Kikirili usikimbilie Urusi. Herufi ї ni ya Ukraine, ў ni ya Belarus, ђ ni ya Kiserbia, ѓ ni ya Kimasedonia. Zile ө na ү zinakupeleka Mongolia au Asia ya Kati. Katika herufi za Kilatini, ł ni Poland, ř ni Ucheki, ő na ű ni Hungaria, ħ ni Malta. Ukiona ğ na ile ı isiyo na nukta, ni Uturuki. Ikiongezeka ə, vuka uende Azerbaijan. Herufi ß hutumika Ujerumani na Austria, lakini Waswisi huandika ss badala yake. Mtaa wa Kijerumani ulioandikwa "strasse" kwenye kibao rasmi ni sababu ya kufikiria Zurich kabla ya Munich.

Ugumu huja lugha moja inapotawala nchi nyingi. Kireno chenye ã na õ ni cha Ureno au Brazil? Tafuta basi: Lisbon ni "autocarro," São Paulo ni "ônibus." Kwa Kihispania nategemea namba za simu kwenye mabango kuliko msamiati: +51 ni Peru, +56 ni Chile, +57 ni Kolombia. Anwani za tovuti pia husaidia, ingawa zina mitego. Mwisho wa .ch ni wa Uswisi, si wa China wala Chile; .hr ni Kroatia; .za ni Afrika Kusini. Zile za .tv na .co zipuuze kabisa: rasmi ni za Tuvalu na Kolombia, lakini zinauzwa kwa yeyote duniani.

Pima pia nani aliyeandika. Jina la mgahawa halithibitishi kitu, maana mkahawa uitwao Roma unaweza kuwa popote. Kibao cha polisi, cha hospitali au cha mtaa kina uzito. Duka la dawa nalo lina uzito: msalaba wa kijani ni wa Ufaransa, Italia, Hispania na nyingine nyingi za Ulaya, ilhali Ujerumani hutundika herufi A nyekundu.

Hatua ya 5: Mimea, kwa tahadhari

Miti husafiri. Mkaratusi asili yake ni Australia na majirani zake, lakini leo upo Ureno, California, Ethiopia na Kenya. Jakaranda ilitoka Amerika Kusini, na Pretoria ndiyo inayojulikana kwa maua yake ya zambarau. Kwa hiyo mti uliopandwa na watu hauthibitishi nchi.

Mti wa porini usiohama una thamani kubwa. Kuna aina nane za mbuyu: sita zinamea kwa asili Madagaska tu, moja ipo bara la Afrika, moja kaskazini-magharibi ya Australia. Mibuyu mirefu yenye shina laini kama nguzo na matawi machache kileleni ni ya Madagaska. Kakati mkubwa wa saguaro, ule wenye mikono, humea jangwa la Sonora, yaani Arizona, kaskazini-magharibi ya Meksiko na kipande kidogo cha California. Texas inayochorwa nao kila siku haina saguaro wa porini. Mti wa damu ya joka wenye umbo la mwavuli uliogeuzwa na upepo unakupeleka kisiwa cha Socotra, Yemeni.

Hatua ya 6: Ukiwa ndani ya chumba, tafuta ukuta

Picha ya hoteli huonekana haina kitu: kitanda, pazia, taa. Tazama soketi. Matundu matatu ya mstatili ni Uingereza na nchi nyingi zilizowahi kutawaliwa nayo, kama Kenya, Tanzania, Malaysia na Singapore. Matundu mawili yaliyoinama kama paa la nyumba au paa lililopinduliwa, pengine na tundu la tatu, ni Australia, New Zealand, China au Ajentina. Matundu matatu ya duara yaliyopangwa kwa mstari mmoja ni Italia au Chile. Ile inayofanana na uso unaotabasamu ni Denmaki. Soketi moja iliyoonekana nyuma ya taa imeniondolea mara nyingi nusu ya dunia, na ndiyo sababu sipuuzi picha ya ndani.

Hatua ya 7: Kutoka nchi hadi mahali aliposimama mpiga picha

Sasa fungua ramani. Tafuta picha kwa picha ukitumia Google Lens, Yandex au TinEye, na usitosheke na injini moja, kwa kuwa hazioni sawa. Kata kipande kimoja, labda kuba la kanisa peke yake, ukitafute hicho badala ya picha nzima.

Mandhari yenye milima ni zawadi. Chora mstari wa vilele kwenye karatasi, ukiandika kipi kirefu, kipi kina bonde katikati, kisha ulinganishe na sura ya ardhi kwenye Google Earth. Usiishie kwenye umbo moja tu. Mlima wenye umbo la pia na wenye theluji unaweza kuwa Fuji wa Japani, Taranaki wa New Zealand au Osorno wa Chile. Ni vilima vidogo vya mbele yake vinavyotofautisha. Mwaka 2018 waandishi wa uchunguzi wa BBC walitumia njia hiyo kwa video ya wanajeshi wakiwaua wanawake wawili na watoto wao. Serikali ya Kamerun ilikuwa imesema video hiyo ni ya uongo. Mtu mmoja aliwadokezea watazame karibu na Zelevet, kaskazini ya mbali ya Kamerun, nao wakakuta mstari wa vilele unalingana na ule wa kwenye video. Kwa vivuli vya wanajeshi wakapata pia kipindi cha tukio, kati ya Machi na Aprili 2015. Ujuzi unaoujifunza kwa picha za likizo ndio uleule.

Mjini, tumia mbinu ya mistari miwili. Tafuta vitu viwili vinavyopishana kwenye picha, kimoja karibu na kimoja mbali: tuseme kona ya jengo inagusa ukingo wa mnara. Kwenye ramani, piga mstari kutoka mnara kupitia kona ile na uuendeleze. Mpiga picha alisimama mahali fulani kwenye mstari huo. Tafuta jozi nyingine, piga mstari wa pili. Pale inapokutana ndipo alipoweka miguu. Kisha ingia kwa Street View au Mapillary, huduma za picha zilizopigwa barabarani, ujisimamishe hapo. Tarehe ikijulikana, tovuti ya SunCalc itakuonesha kivuli kilipaswa kuelekea wapi.

Hatua ya 8: Jaribu kujiangusha

Ukishapata jibu, rudi kwenye orodha ya hatua ya kwanza na utafute kitu kimoja kinacholikataa. Nguzo isiyolingana, kibao cha rangi nyingine, kivuli cha upande usiofaa. Kimoja kisichoelezeka kina nguvu kuliko kumi vinavyokubali. Jengo jipya lililokosekana kwenye ramani si tatizo, kwani picha za Street View zina tarehe zake na huenda ni za miaka mingi nyuma. Mlima uliokosekana ni tatizo.

Toa jibu kwa viwango: "Nchi nina hakika, mkoa nadhani, mji sijui." Hilo ni jibu zuri na linamsaidia mwingine kuendelea pale ulipoishia.

Picha ya mtu binafsi akiwa nyumbani kwake, au ya mtoto kwenye lango la shule, usiitafutie mahali, hata kama ni kwa mazoezi na hata kama dalili zinakuita. Ukiipata anwani hutaweza kuirudisha gizani, na hujui nani mwingine anasubiri jibu lako. Mandhari za kufanyia mazoezi ni tele. Mchezo wa GeoGuessr, ulioanza mwaka 2013, hukutupa barabarani mahali usipopajua, na hapo utajifunza nguzo na mistari upesi kuliko kwa kusoma. Anza na ramani ya bara moja, ukae nalo mwezi mzima, na kila unapokosea andika ni kitu gani kilikuwa mbele ya macho yako nawe hukukiona.